Pesa ya utafiti: Wamarekani ama Bulaya? Kwa asista wa Lubumbashi anayetafuta pa kuanzia

Kila nikipita Kasapa, kampasi ya chuo chetu, lazima nikutane na asista mmoja (msaidizi wa kufundisha chuoni) mwenye laptop mkononi, swali ni lile lile: mukubwa, niandikie Wamarekani ama niandikie Bulaya? Na kila mara namjibu nusu juu tumesimama juani na taksi-basi inaita watu. Leo umeme upo na nimekaa, acha niseme yote.

Jibu langu fupi niliweke hapa juu. Kama huna mtu yeyote unayemjua ng'ambo na hujawahi kusimamia hata dola moja ya proje, anza na Bulaya, na ndani ya Bulaya anza na Ubelgiji na zile pesa ndogo ndogo, mamilioni ya Brussels yatakuja baadaye. Kama unafanya magonjwa ya kuambukiza, Ebola, mpox, malaria, hesabu inabadilika, Wamarekani bado wana uzito ambao huwezi kuukwepa. Na kama tayari kuko profesa upande wowote anayejibu imeli zako ndani ya wiki moja, shika huyo hata kama mfuko wake ni mdogo.

Sasa maelezo.

Watu wanasema "pesa ya Wamarekani" kama vile ni mfuko mmoja. Kuko NIH, ya afya, makao yake Bethesda kule Maryland, ndani yake taasisi na vituo 27, kimojawapo ni Fogarty ambacho kazi yake hasa ni utafiti wa kimataifa. Kuko NSF ya tangu 1950, sayansi zingine zote, lakini ile kwa kawaida inampa mtu wa chuo cha kwao, wewe unaingia kama mwenzake tu. Kuko Fulbright, ilianza 1946, ile ni burse ya mtu kwenda kusoma, labo yako haipati kitu. Na kulikuwa na USAID, ambayo ilikuwa inalipa PEER, programu iliyoanza 2011 na kuendeshwa na akademia za sayansi za kule. PEER mimi niliipenda kuliko zote juu mtafiti wa nchi kama yetu njo alikuwa kiongozi wa proje, pesa inakuja kwake, Mmarekani anakuwa mshirika mwenye pesa yake mwenyewe kutoka serikali yake. Hebu fikirini ile, wewe ndiye unaamua swali la utafiti. USAID ilifungwa rasmi tarehe 1 mwezi wa saba 2025 na ule mlango umefungwa nayo, kwa hiyo ukikuta mtu anakuonyesha fomu ya PEER leo, mwambie aache.

Upande wa Bulaya nako kuko matabaka. Juu kabisa kuko Horizon Europe, 2021 mpaka 2027, mwanzoni ilipangiwa euro bilioni 95.5, hiyo ni ya Umoja wa Ulaya wote. Chini yake kuko za nchi moja moja: Wabelgiji wana ARES kwa vyuo vya Kifaransa na VLIR-UOS kwa vyuo vya Kiflemi, Wajerumani wana DAAD, Wafaransa wana IRD. Halafu kuko vifuko vidogo ambavyo asista wengi hawavijui kabisa, kwa mfano IFS ya Stockholm, iko tangu 1972, inampa mtafiti mchanga wa nchi yenye kipato kidogo pesa isiyozidi dola 15,000, jina lake yeye, wazo lake yeye. Dola 15,000 kwa mtu wa Bulaya ni kidogo lakini kwa sisi, mtu anayepima udongo na mboga kando ya mto Lubumbashi, ni miaka miwili ya kazi ya kweli.

Nani anaruhusiwa kuomba? Hapa watu mingi wanapoteza wakati. Horizon Europe, kwa proje za kawaida za pamoja, inataka angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya ama zilizojiunga na programu, na angalau moja iwe ya nchi mwanachama wa Umoja wenyewe. Sisi hatuhesabiwi kwenye zile tatu. Lakini Kongo iko kwenye orodha ya nchi ambazo taasisi zake zinalipwa moja kwa moja, maana yake ukiingia kama wa nne ama wa tano unapata bajeti yako sawa na wengine, si mgeni wa kupigwa picha. Chuo kinahitaji namba ya PIC, ile ya kukitambulisha kwa Umoja wa Ulaya, tarakimu tisa, na vyuo vingi vyetu tayari vinayo bila wewe kujua, uliza kwanza kabla hujaanza kuandikisha upya ukaleta namba mbili za chuo kimoja.

NIH, chuo cha nje kinaweza kuomba chenyewe baadhi ya proje, hata zile kubwa za R01. Ila kujiandikisha! Kwanza msimbo wa NCAGE wa kutambulisha taasisi ya nje, kisha SAM.gov, daftari la serikali yao, ikupe UEI, namba ya chuo, kisha Grants.gov ya kutumia maombi, kisha eRA Commons, akaunti ya NIH wenyewe, na SAM lazima uifufue kila mwaka, ukisahau unakuta mlango umefungwa wiki ile ile ya kutuma dosye. Jina la chuo na anwani viandikwe sawasawa kila fasi, ukiandika Kifaransa huku na Kiingereza kule wanakurudisha mwanzo. Mimi nilirudishwa mara mbili juu ya anwani tu, mwezi na nusu ukaenda. Na kama utafiti unagusa watu, komite ya maadili iwe imeandikishwa kwao pia na chuo kiwe na hati yao ya FWA, ile ahadi ya kulinda watu wanaofanyiwa utafiti. Hivyo vyote si kazi ya mtu mmoja usiku na mega za simu, ile ni kazi ya ofisi, na kama chuo chako hakina ofisi ya hivyo basi ujue unapanda mlima bila viatu.

Namna ya kutoa alama nayo inafundisha kitu. NIH wanatoa 1 mpaka 9 na 1 njo bora, Horizon wanatoa mpaka 5 kwa vigezo vitatu na 5 njo bora. Lakini tofauti kubwa ni vile wanavyosoma. NIH wanataka swali moja lenye makali, dhana, jinsi utakavyoijaribu, na wewe ni nani kuifanya. Bulaya wanataka sayansi, sawa, lakini thuluthi ya alama ni faida kwa jamii na thuluthi ingine ni vile mutakavyofanya kazi pamoja, nani anafanya nini mwezi gani. Mtu wetu aliyezoea kuandika teze (tasnifu ya udaktari) ndefu yenye historia ya tatizo anashindwa pote pawili, ila kwa maoni yangu Bulaya wanamvumilia zaidi juu kwenye kundi kuko mtu ambaye kazi yake ni kunyoosha ile lugha.

Lugha yenyewe: Marekani ni Kiingereza, basi. Horizon kisheria unaweza kuandika kwa lugha yoyote rasmi ya Umoja, Kifaransa kimo, ingawa makundi karibu yote yanaandika Kiingereza. ARES ni Kifaransa mwanzo mpaka mwisho na kwa asista wa kwetu ile peke yake ni nusu ya mzigo kushuka.

Sasa nije kwa jambo ambalo limenifanya niandike haya yote, yaani pesa inadumu vipi.

Nilikuwa kwenye proje moja ya pesa ya serikali ya Marekani, ikipitia chuo kimoja cha kule. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba Katuba na Ruashi, tunachukua mkojo wa watoto na vumbi la ndani ya nyumba kwa ajili ya kupima metali. Kuanza kulikuwa haraka kweli, sitadanganya, mshirika wetu alikuwa mtu mzuri na pesa ilifika bila kusumbuana, tukanunua friza, tukachukua vijana wanne wa kuuliza maswali, kazi ikaenda. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025 Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje siku 90, na siku chache baadaye ikaja imeli kwamba tusimame, tusitumie hata dola moja zaidi. Si kwamba tulikosea kitu. Profesa wa kule alinipigia simu, sauti yake imekatika, yeye mwenyewe hakujua atawaambia nini wanafunzi wake. Vijana wanne walikuwa wameshafanya kazi wiki tatu za mwezi ule. Na wale mama waliotupa mkojo wa watoto wao wakingoja tuwarudishie majibu, nilienda mimi kwa miguu kuwaeleza, mmoja akaniambia "mwanangu, si mlisema mtarudi na karatasi?" Niliumia. Mpaka leo zile sampuli ziko kwenye friza ambayo kila umeme ukikatika tunakimbia na jenereta.

Si proje zetu tu. Tarehe 1 mwezi wa tano 2025 NIH nayo ikatangaza kwamba haitatoa proje mpya wala kuendeleza zile zenye kipande cha pesa kinachopitia chuo cha Marekani halafu kinakatwa kuja nje, mpaka watengeneze mfumo mwingine ambao mshirika wa nje anapata mkataba wake mwenyewe uliofungwa na ule mkubwa. Ukiusoma vizuri ule mfumo mpya hauko mbaya kwa sisi, juu pesa ikija na jina la chuo chetu tunajifunza kuisimamia, lakini ofisi yenye nguvu ya hesabu inatakiwa kwanza, na wenye ofisi ile Afrika ni wachache.

Bulaya nako, je? Polepole, polepole mpaka mtu anakata tamaa. Tangu tarehe ya mwisho ya kutuma mpaka kusaini, Horizon wenyewe wamejiwekea miezi minane, mitano ya kusoma na mitatu ya kuandaa mkataba, na kabla ya hapo mumekaa karibu mwaka mzima mnatafutana na kugawana kazi. Sisi kwenye proje moja ya Bulaya tangu wazo mpaka euro ya kwanza ni miaka miwili kasoro. Asista mmoja alioa, akapata mtoto, pesa bado. Lakini ule mkataba ukishasainiwa ni wa miaka minne na miaka minne inaheshimiwa, waziri akibadilika, chama kikibadilika kwenye nchi moja, mkataba uko pale pale juu umesainiwa na wengi. Kwa mtu mwenye wanafunzi wa teze chini yake hiyo njo hesabu kubwa kuliko ukubwa wa pesa. Huwezi kumwambia kijana wa teze aache katikati mwaka wa pili.

Ila musifikiri Bulaya haikati. Bajeti za ushirikiano za nchi moja moja zinapungua huko nako, na Horizon hii inaisha 2027, inayofuata itakuja na masharti yake. Angalieni pia ndugu zetu wa Goma: ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha volkano ulipoisha 2020, kituo kilikaa miezi bila intaneti ya kupokea data za mashine zake, na Nyiragongo ikalipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Yoyote anayekupa pesa, uliza siku ya kwanza: ikiisha, mashine hii italipiwa na nani?

Kwenye hesabu za ndani, kuko ile asilimia ya chuo, pesa ya umeme na ofisi na mlinzi. Horizon wanatoa 25 kwa mia juu ya gharama za moja kwa moja, NIH kwa taasisi za nje wanatoa 8 tu. Kwa rektora wetu hiyo tofauti ni kubwa sana na mukienda kuomba saini yake mumweleze hiyo namba, atawasikiliza. Lakini Bulaya wanataka karatasi mpaka unaota karatasi usingizini: kila mwezi kila mtu anatangaza siku alizofanya kazi ya proje na kusaini, mwaka wanauhesabu siku 215, na kila faranga iwe na faktire. Sasa wapi mwenye pikipiki wa Kipushi anatoa faktire? Tulitengeneza kitabu chetu cha risiti, dereva anaandika jina, anasaini ama anaweka dole, tunapiga picha ya safari, na mshirika wetu akaweka kanuni hiyo kwenye makubaliano kabla ya kuanza. Fanyeni hivyo mapema, juu mwanzoni sisi hatukufanya na mkaguzi alikataa safari za miezi minne.

Sampuli. Hapa nina neno la moyoni.

Wengi wenu mulikuwa wadogo lakini ile kazi ya Ebola ya Kivu ya Kaskazini ni fahari yetu na ni somo pia. Ilianza mwezi wa kumi na moja 2018, INRB, taasisi yetu ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, pamoja na NIH, ikaitwa PALM, na ile PALM ni Kiswahili chetu, Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681, vita vinapigwa pembeni, na mwezi wa nane 2019 wakaona dawa mbili zinaokoa zaidi. Moja ni mAb114: waliokufa kwa hiyo walikuwa kama 35 kwa mia, kwenye ZMapp iliyokuwa ikilinganishwa nazo karibu 50. Na mAb114 ilitoka kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi ya profesa Muyembe. Bila pesa na mashine za Wamarekani ile dawa isingekuwepo, niseme wazi na nawashukuru. Lakini leseni ya kuitengeneza ilienda kwa kampuni ya Miami. Damu ya Kikwit, leseni Miami. Sisi mezani tulikuwa wapi siku ya kuandika ile leseni?

Kisheria kuko tofauti ambayo ni vizuri muijue. Marekani haijawahi kuridhia ule mkataba wa bioanuwai wa 1992, Umoja wa Ulaya uko ndani na una sheria yake tangu 2014 inayomtaka mtafiti aonyeshe kwamba alipata mmea ama mdudu kwa ruhusa ya nchi yenyewe. Kwa watu wa botaniki, wale wanaofanya kazi na mimea ya kwenye vilima vya shaba, hiyo ni silaha mkononi mwenu, mshirika wa Bulaya lazima awe na karatasi yenu. Na Mmarekani? Inategemea wema wake na ukali wa makubaliano mutakayoandika, kwa hiyo andikeni: sampuli nusu inabaki Lubumbashi, data iko kwenye mashine ya kwetu pia, jina la kwanza kwenye makala linaamuliwaje. Makala ya 2018 juu ya kobalti na watu wa Kasulo kule Kolwezi, ya UNILU, chuo chetu cha Lubumbashi, na KU Leuven ya Ubelgiji, jina la kwanza ni la mtafiti wa UNILU. Halikuja kwa bahati, lilikuja juu watu wa pande mbili walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi.

Na njo sababu nasema Ubelgiji kwanza kwa anayeanza. Ile historia yetu nao ni nzito na kila mtu anaijua, sitaifuta hapa. Lakini muangalie proje kama CHARLU, ya ARES, juu ya makala, yaani makaa, tunayopikia bukari na msitu wa miombo unaozunguka Lubumbashi: swali limetoka jikoni kwetu, vijana wa kwetu wamefanya teze zao humo na makala za kisayansi wamezitoa. Zile ni proje za ukubwa ambao chuo chetu kinaweza kuubeba bila kuvunjika mgongo.

Juu ya kusafiri nitapita haraka. Fulbright ni nzuri, inabeba mtu mzima mzima, ila viza yake ya J-1 inakuja na sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba kukaa kule, na kwangu mimi hilo halina ubaya. Marie Curie za Bulaya, zile za baada ya teze, ni kwa mwenye teze tayari, isiwe imepita miaka minane, uraia wowote, na usiwe umekaa nchi ile zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita, kitu ambacho kwa mtu wa Lubumbashi ni faida. Kote kuwili viza ni safari ya Kinshasa ama dosye za kutumwa, weka tiketi ya ndege kwenye akiba yako mapema.

Kanada watu wanaisahau! Iko ng'ambo ile ile ya Atlantiki, CRDI yao ya Ottawa iko tangu 1970 na inasoma Kifaransa, na tangu 2024 Kanada imejiunga na sehemu ya pili ya Horizon Europe, ile ya proje za pamoja, kwa hiyo profesa wa Montreal anaweza kuwa kundi moja na wewe na Mbelgiji. Tena kwenye miito ya afya ya Horizon hata taasisi za Marekani zimekuwa zikiruhusiwa kulipwa, juu NIH nayo inawafungulia Wazungu wa Bulaya. Kwa hiyo si lazima uchague bahari upande mmoja milele.

Mdogo wangu wa mwisho kuniuliza anafanya kadimiamu kwenye lengalenga na sombe za bustani zilizo chini ya viwanda. Nilimwambia hivi: IFS mwaka huu kwa jina lako, umalize, utoe makala moja hata ndogo. Wakati huo mwandikie profesa mmoja tu wa Bulaya aliyeandika juu ya udongo wetu, imeli ya mistari kumi, na data yako ndani, usimwombe burse. NIH uiache mpaka chuo kiwe na mtu wa kushika zile akaunti, isipokuwa kuko kundi lililo tayari linalokualika. Na barua ya rektora ya kuunga mkono, ile peke yake inachukua wiki tatu kusainiwa, kaipeleke Jumatatu.